Kamongo Anayesimulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikijenga na kuonyesha chumba cha hadithi ambamo msimulizi ni kamongo mmoja, samaki mwenye mapafu, ninayemfuga hapa Kisumu. Anaitwa Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Kila anapopanda juu kuvuta hewa, hadithi inasogea hatua moja. Wasanii, walimu, wafugaji wa samaki na wazazi huniuliza mambo yale yale, nami nimeyakusanya hapa. Kama hujawahi kuona kitu cha namna hii, anzia juu. Kama umeshajenga na umekwama, nenda moja kwa moja sehemu ya umeme na programu.

## Mambo ya mwanzo

Hiki ni kitu gani hasa?

Ni chumba chenye giza hafifu. Katikati kuna tangi la kioo, na ndani yake kamongo. Wageni hukaa kwenye mikeka kulizunguka, watu kumi na wawili hivi kwa wakati mmoja. Mtu mmoja anaita "Paukwa!", wengine wanaitika "Pakawa!", kisha wanangoja. Dani anapanda, anatoa pua juu ya maji, anavuta hewa kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefyonza chai ya moto, halafu anazama huku mapovu yakimtoka pembeni mwa kichwa. Hapo sauti ya bibi inaanza kusimulia, na ukutani inaonekana picha ya kile kinachosimuliwa. Sehemu hiyo ikiisha, kimya kinarudi hadi pumzi inayofuata.

Kwa nini kamongo? Si samaki wa dhahabu angetosha?

Kamongo ana mapafu. Aliyekomaa hupata karibu asilimia 90 ya oksijeni yake kutoka hewani, na ukimzuia kufika juu atakufa maji kama wewe na mimi. Kwa hiyo kupanda kwake si mchezo tuliomzoesha, ni lazima ya maisha yake. Hadithi iliyofungwa kwenye jambo hilo haihitaji kumsumbua mnyama ili isonge.

Kuna sababu nyingine ninayoipenda zaidi. Kamongo na jamaa zake ndio samaki walio karibu zaidi kinasaba na wanyama wa miguu minne, sisi tukiwemo. Ngege, yaani tilapia, aliye kwenye sahani yako ana undugu wa mbali zaidi na kamongo kuliko ulio kati yako na kamongo. Watoto wakiambiwa hivyo huangalia yale mapezi yake membamba kama nyuzi, anavyoyatembeza moja baada ya jingine mchangani, na wanaacha kumwita nyoka.

Kwa Kiswahili anaitwaje?

Vitabuni utakuta kambare-mamba. Kandokando ya Ziwa Victoria, Kisumu hadi Musoma na Mwanza, watu wanasema kamongo, na ndilo jina ninalotumia. Waganda wanamwita emmamba; kuhusu hilo tazama swali la wageni wa ukoo wa Mmamba.

Mnamfundisha?

Hapana. Inawezekana kumfundisha samaki: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion nchini Israeli walichapisha kazi ambamo samaki wa dhahabu sita walijifunza kuendesha kigari kilichobeba tangi lao hadi kwenye shabaha, wakilipwa chakula. Ni kazi nzuri ya sayansi. Lakini mimi sitaki Dani afanye kitu kwa ajili ya hadithi. Nataka hadithi ndiyo imfuate.

Kwa nini hakuna kitufe? Mwanangu alitaka kubonyeza kitu.

Hili huulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mwaka 2000, katika jumba la sanaa la Trapholt nchini Denmark, msanii Marco Evaristti alionyesha kazi iitwayo Helena: blenda kumi zenye maji, kila moja ikiwa na samaki wa dhahabu, zimeunganishwa na umeme. Mgeni aliachiwa uamuzi wa kubonyeza au kutobonyeza. Wapo waliobonyeza, na samaki wakafa. Mkurugenzi wa jumba alishtakiwa kwa ukatili kwa wanyama, na mwaka 2003 mahakama ikamwachilia. Wapo wanaoitetea kazi ile kuwa ilimfanya mtazamaji ajitazame. Mimi naiona kama onyo. Ukishaweka kitufe kinachomfikia mnyama, mnyama anageuka chombo cha kumpima binadamu, na shida ya mnyama inakuwa sehemu ya burudani hata kama hakuna anayekufa.

Sasa linganisha na kengele ya samaki ya Utrecht, Uholanzi, iliyoanza mwaka 2021. Kamera imewekwa chini ya maji kwenye lango la mfereji, na mtu yeyote duniani anaweza kutazama kwa intaneti. Akiona samaki anangoja kupita wakati wa kuhama kwenda kutaga, anabonyeza kengele, na mlinzi wa lango anapata habari kwamba kuna wanaosubiri kufunguliwa. Kitufe kipo, ila kinamtumikia samaki. Maelfu ya watu hukaa wakitazama maji ya kijani yasiyo na kitu, nao wanafurahi.

Nilichojifunza kutoka kwa kazi hizo mbili ni kwamba kungoja ni ushiriki kamili. Mwanao hatabonyeza kitu, ila atakuwa wa kwanza kunong'ona "anakuja!" Kazi yake nyingine ipo kwenye swali la wageni wanafanya nini.

## Dani na makao yake

Tangi lina ukubwa gani?

Sentimita 120 kwa 50, urefu wa kwenda juu 50, kioo cha milimita 10. Maji najaza hadi sentimita 35 tu, yaani lita 210. Nafasi iliyobaki juu ni ya lazima, kwa sababu humo ndimo anamovuta hewa, na hewa hiyo inapaswa kuwa na joto na unyevu. Usijaze hadi ukingoni ili tangi lipendeze kwenye picha.

Jumla ya maji, kioo na mchanga ni karibu kilo 300. Pima sakafu kabla hujapima uzuri. Silikoni iwe ile ya kuunganishia matangi ya samaki, si ya bafuni yenye dawa ya kuua kuvu, na uiache ikauke wiki nzima hadi harufu ya siki iishe. Kifuniko kiwe kizito na kifungwe. Kamongo huweza kusukuma kifuniko chepesi akatoka, na asubuhi utamkuta nyuma ya kabati.

Dani ana urefu wa sentimita 38. Elewa kwamba kamongo wa Ziwa Victoria, Protopterus aethiopicus, anaweza kufikia mita 2, na tangi hili halitamtosha daima. Bwawa lake la saruji tayari nimelianza nyuma ya nyumba. Kama huna mahali pa kumweka atakapokuwa mkubwa, usimchukue sasa.

Maji ya bomba yanafaa?

Yanafaa ukiyaondoa klorini. Yaache kwenye pipa wazi siku nzima, au tia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwa wauza samaki wa urembo. Kama mji wako unatumia kloramini, kuyaacha wazi hakusaidii, tumia dawa. Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Nabadilisha robo ya maji kila wiki.

Usichote maji ziwani, na usiingie kwenye matope ya ukingoni kuokota konokono wa kumlisha. Kichocho kipo, na konokono hao ndio wanaokibeba.

Anakula nini?

Minyoo ya ardhini, vipande vya samaki, na konokono ninaowazalisha mwenyewe kwenye ndoo. Mara tatu kwa wiki. Siku ya maonyesho hali mbele ya wageni, kwa sababu watu wakishamwona akitafuna, akitoa chakula na kukirudisha mdomoni, hawasikii hadithi tena.

Anauma?

Ndiyo, na si mchezo. Hana meno kama ya mbwa. Ana vigae vikali vya kusagia magamba ya konokono, na kidole si kigumu kuliko gamba. Natumia koleo refu la mbao. Kwa sababu hiyo hiyo anaishi peke yake, maana mwenzake angekatwa mapezi. Mapezi huota tena, lakini hiyo si ruhusa.

Ni jike au dume?

Kwa kumtazama tu huwezi kujua. Tulimwita Dani kwa sababu ya hadithi, na watoto wakiuliza tunawaambia hivyo hivyo.

Ataishi miaka mingapi?

Mingi. Kamongo wa Australia aliyeitwa Granddad aliingia hifadhi ya samaki ya Shedd jijini Chicago mwaka 1933 na akaishi humo hadi 2017. Ni spishi nyingine, lakini jamaa yake. Mtu anayeanza kazi hii akiwa na miaka 40 ajiulize ni nani atakayeirithi.

Nitampata wapi, na nahitaji kibali?

Mimi nilimpata kwa mvuvi, akiwa na urefu wa kidole cha kati, amenaswa pamoja na vikambare kwenye mtego wa matete. Kabla ya kumchukua nilikwenda kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, naye akanieleza taratibu. Fanya hivyo kwako pia, iwe Kenya, Tanzania au Uganda, kwa sababu masharti ya kukamata, kufuga na kuonyesha hadharani yanaweza kuwa matatu tofauti. Na aliyekwisha kuishi tangini asirudishwe ziwani, anaweza kupeleka magonjwa.

## Hadithi yenyewe

Mnasimulia hadithi gani?

Simbi Nyaima. Karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la mviringo, na Wajaluo husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja kulikuwa na sherehe, pombe na ngoma, na mvua ikinyesha. Bibi kizee akaja kuomba hifadhi. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akampokea, akamkausha, akampa chakula. Bibi akamwambia aondoke na jamaa zake usiku ule ule. Nyuma yao maji yakapanda, kijiji kikazama.

Mimi nimeongeza kitu kimoja: chini ya sakafu ya nyumba ile kulikuwa na kamongo amelala kwenye tope kavu, naye akaamshwa na maji. Yeye ndiye anayetusimulia aliyoyasikia akiwa chini ya miguu ya wachezaji.

Je, Ziwa Simbi lina kamongo?

Halina. Maji yake ni ya magadi, na utakachokuta huko mara nyingine ni heroe. Wazee wawili walinikosoa kwa hilo siku ya kwanza, na walikuwa na haki. Sasa sehemu ya mwisho inaeleza jinsi kamongo alivyotambaa usiku kuelekea maji matamu.

Naandikaje hadithi isiyojulikana itasogea lini?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika hadithi ya kawaida, kisha wanaikata vipande.

Pumzi za Dani hupishana kwa dakika 3 hadi 15, kutegemea joto la maji na jinsi alivyochangamka. Maana yake msikilizaji atakisikia kipande, kisha atakaa na mawazo yake kwa muda usiojulikana. Kipande kikiishia kwenye jibu, kimya kinachofuata kinakuwa kitupu. Kikiishia kwenye kitu kinachosikika au kinachoshikika, kimya kinajaa. Kipande chetu cha pili kilikuwa kikiishia hivi: "Wakamwambia, toka." Watu walikuwa wanaangalia simu. Nikakibadilisha, kikaishia bibi akiwa mlangoni, maji yakimtiririka kutoka kwenye ukingo wa nguo hadi juu ya kizingiti, tone, tone, na ndani mtu akisema, "Nani ameacha mlango wazi?" Tangu hapo hakuna anayesogea, hata Dani akikaa chini dakika kumi.

Urefu wa kila kipande usizidi sekunde 70. Vipande vyetu ni kumi na vinne, lakini mgeni husikia saba au nane, kwa sababu njia zinagawanyika. Akitokeza upande wa kushoto wa tangi tunamfuata bibi kizee, katikati, sherehe, kulia, mwanamke aliyempokea. Kila kipande lazima kiweze kufuata vipande vitatu tofauti bila kujipinga. Nilivitandaza sakafuni kwenye karatasi nikavisoma kwa sauti kwa kila mpangilio niliouweza, jioni nne mfululizo. Hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Wageni wanafanya nini wakati wa kungoja?

Wanategeana vitendawili, kama ilivyokuwa siku zote watu wakisubiri chakula kiive. "Kitendawili!" "Tega!" Chumba kina maikrofoni moja juu, na sauti zikipanda programu inafifisha mvua inayosikika kwa mbali ili wasikilizane.

Siku moja mama mmoja alitega, "Nyumba yangu haina mlango." Jibu tunalijua sote, ni yai. Mtoto wa miaka kama sita akajibu, "Kamongo kwenye tope!" Chumba kizima kikamgeukia Dani, na mama akampa mji mtoto yule.

Pia kabla ya kipande cha tano wageni wanaulizwa: wewe ungemfungulia? Wanajadiliana kwa sauti. Jibu lao halibadilishi hadithi, wala hatuwadanganyi kwamba linabadilisha.

Sauti ni za nani?

Za bibi watatu wa mtaani kwetu, kwa Kiswahili na Kijaluo. Tulirekodi kwenye nyumba ya mmoja wao, jioni, kuku wakiwa wamelala. Walilipwa kwa siku, wakatia saini kukubali, na wana haki ya kusema sauti zao ziondolewe. Zamani watoto walipelekwa siwindhe, nyumba ya bibi, wakasikilize sigana, yaani hadithi, usiku. Hao watatu walikulia humo, na ilisikika. Muigizaji niliyemjaribu kwanza alisoma vizuri sana, lakini alikuwa anasoma.

## Umeme na programu

Mnajuaje kwamba amepumua?

Tunataka mashahidi wawili. Wa kwanza ni kamera iliyo juu ya tangi, isiyo na kichujio cha infraredi, ikisaidiwa na taa ya infraredi ya nanomita 940 iliyolazwa pembeni. Mwanga huo hatuuoni, na Dani hajawahi kuonyesha kuushtukia. Programu inalinganisha picha na picha, inatafuta mawimbi ya mviringo yanayoanza kutoka nukta moja. Nukta hiyo ndiyo inayotuambia kushoto, katikati au kulia.

Wa pili ni kisahani cha piezo, kitambuzi cha mtetemo, kilichobandikwa nje ya kioo, karibu na usawa wa maji, kinachosikia ile sauti ya kufyonza. Mashahidi wote wawili wakisema ndiyo ndani ya sekunde 2, ni pumzi. Baada ya hapo pumzi nyingine haisogezi hadithi hadi kipande kiishe.

Nahitaji kompyuta kubwa?

Hapana. Mimi natumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana, kwa kamera na projekta, na ESP32, kidhibiti kidogo cha elektroniki, kwa piezo na taa. Ukitaka kuanza kwa bei nafuu, acha kamera na mgawanyiko wa njia: piezo, ESP32, na kichezeshi kidogo cha MP3 chenye kadi ya kumbukumbu vinatosha kwa hadithi ya mstari mmoja. Katika bajeti yangu vioo na mbao vilikula zaidi ya nusu, na elektroniki haikufika robo.

Hadithi inajiendesha usiku hakuna mtu. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni mapovu au mkondo wa maji. Jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu, linapasua uso wa maji bila kukoma, na kamera inaona pumzi mia. Kamongo hahitaji jiwe la hewa. Tumia chujio la nje, na mdomo wa bomba lake uwe chini ya maji ukielekea ukutani. Sababu ya pili ni matone ya mvuke yanayodondoka kutoka kwenye kifuniko; kiinamishe kidogo ili yatiririke pembeni. Mimi kosa lilikuwa hilo la pili, na nilitumia wiki mbili nikirekebisha programu isiyokuwa na kasoro.

Nawekaje spika zisimsumbue?

Zisiguse tangi wala meza yake. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,480 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na mtetemo unaoingia kwenye mbao unafika hadi kwenye maji. Katika maonyesho ya pili, ukumbini, niliweka spika kwenye rafu ya chini ya meza ya tangi kwa sababu nyaya zilikuwa fupi. Dani alijibanza nyuma ya gogo siku mbili na hakula. Nilisimamisha maonyesho, nikarudisha watu pesa zao. Sasa spika zinaning'inia darini, upande wa mgongo wa wageni, na chini ya tangi kuna godoro la sponji ngumu.

Na umeme karibu na maji?

Kila kitu kipite kwenye swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Nyaya zote zishuke chini ya soketi kwanza kisha zipande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuufuata waya. Soketi zisiwe sakafuni. Mpe fundi umeme mwenye leseni aikague, hata kama wewe mwenyewe unajua kazi.

Umeme ukikatika katikati ya hadithi?

Dani hayuko hatarini mara moja, kwa kuwa anapumua hewa. Hiyo ni faida ambayo mfugaji wa samaki wengine hana. Betri ya akiba inashikilia chujio na taa moja. Mara mbili ilipotokea, mtu mzima mmoja kati ya wageni alichukua hadithi pale ilipoishia akaimalizia kwa mdomo, na Dani akaendelea kupanda na kushuka gizani tukimsikia.

## Siku ya maonyesho

Mnaonyesha saa ngapi kwa siku?

Kwa muda wa saa tatu, jioni, na si zaidi ya siku nne kwa wiki. Mwanga wa mchana na usiku wake haubadiliki kwa ajili yetu. Hatumsafirishi zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na akifika mahali papya anakaa siku kumi bila wageni.

Watu wakigonga kioo au kupiga picha kwa fleshi?

Mikeka iko mita moja na nusu kutoka kwenye kioo, na simu zinaachwa kwenye kikapu mlangoni. Tunawaeleza sababu kabla hawajaingia. Watoto hushika haraka sana, na wao ndio huwakemea wakubwa.

Wasiosikia au wasioona wanashirikije?

Maneno yote huandikwa ukutani sambamba na sauti. Benchi moja lina kitetemeshi kidogo ndani ya mbao kinachotoa mpigo Dani anapopumua. Kwa wasioona, tuna kamongo wa udongo wa mfinyanzi wa ukubwa ule ule, wampapase kabla ya kuketi: pua butu, magamba laini, mapezi kama kamba. Tangi liko sentimita 70 kutoka sakafuni, ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu amwone moja kwa moja.

Nimeambiwa wageni wa ukoo wa Mmamba wanaweza kuchukizwa. Kweli?

Mmamba ni ukoo mkubwa wa Buganda, na emmamba ndiye mwiko wao, hawamli. Wageni wa ukoo huo waliokuja kwetu hawakuchukizwa. Waliuliza kama tunamtunza vizuri, wakataka kuona maji na chakula chake, na mzee mmoja alikaa hadi tukafunga. Usimweke kamongo kwenye chumba kimoja na mauzo ya chakula cha samaki. Hilo ni suala la adabu tu.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Mnaweza kumkausha alale kwenye tope, watu waone?

Hapana. Ni kweli kamongo anaweza kuchimba shimo, akajifunika utando wa ute wake uliokauka, akaacha tundu la pumzi na kukaa hivyo kwa miezi. Maabara wamewahi kuwaweka hata miaka minne. Katika karne ya 19 walisafirishwa hadi Ulaya wakiwa wamelala ndani ya mabonge ya udongo. Lakini wakati huo mwili unakula misuli yake wenyewe na taka ya urea inajaa mwilini. Ni njia ya kuokoka njaa na kiu, na mimi sina haki ya kumletea kiu ili nipate tamasha. Tulichofanya ni kufinyanga shimo la udongo lililokatwa katikati, na mtoto anaweza kulala ndani yake akasikiliza kipande cha kwanza kutoka huko.

Akipanda mara nyingi kupita kawaida?

Simamisha hadithi, pima maji. Joto likizidi au maji yakichafuka pumzi huongezeka. Programu yetu inahesabu, na pumzi zikizidi kumi ndani ya dakika kumi, inazima picha na sauti yenyewe na kunitumia ujumbe.

Nina kobe wa maji, si kamongo. Nitumie mpango huu?

Kobe naye hupanda kuvuta hewa, kwa hiyo mashahidi wawili watafanya kazi, ila anahitaji pia mahali pakavu pa kuota joto, na akiwa huko hadithi husimama. Iandike hivyo basi: ya majini na ya nchi kavu. Kwa samaki asiyepanda, tafuta kitu anachokifanya kwa hiari kila siku, umtazame mwezi mzima na daftari kabla ya kununua hata waya mmoja. Kama hupati, mnyama huyo hataki kuwa msimulizi, muache.

Itakuwaje Dani akifa?

Hatutamweka mwingine kimya kimya aitwe Dani. Chumba kitafungwa, na bibi watatu wameshatusomea kipande cha kumi na tano, ambacho hakijawahi kuchezwa.

Hadithi ikiisha, yeye anaendelea kupumua. Mfumo unafanya nini?

Swali hili aliniuliza mlinzi wa ukumbi, na sikuwa nimeliwaza. Mwanzoni hadithi ilijirudia tangu mwanzo, na watu walikuwa wanainuka wakitafuta viatu huku sherehe ya Simbi ikianza upya. Sasa baada ya kipande cha mwisho sauti na picha zimezimwa kabisa. Dani akipanda, taa moja ndogo juu ya maji inawaka kwa muda wa pumzi yake, kisha inazimika. Huwa nawaachia mlango wazi, na watu huondoka mmoja mmoja.